Kete ya Kwanza: Mkakati wa Ufunguzi katika Bao la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hatua ya kwanza ya bao la kiswahili, yaani kete ya mwanzo ya awamu ya namua. Aghalabu mchezo huu huelezwa kwa kutaja kanuni zake, ilhali sababu za kuchagua mwendo mmoja na kuuacha mwingine hazielezwi. Makala yanaonyesha kuwa mfunguzi ana njia nne tu za kuanza, kwamba njia hizo zinagawika katika makundi mawili yenye falsafa tofauti, na kwamba tofauti baina yake inategemea mambo matatu: usalama wa nyumba, hali ya kichwa, na kanuni inayomlazimisha mchezaji kula anapoweza kula. Hatimaye yanapendekeza kuwa istilahi za bao zisomwe kama hazina ya fikra za kimkakati wala si orodha ya majina tu.

1. Utangulizi

Mchezo wa sataranji umebahatika kuandikwa. Jina lake lenyewe limesafiri mbali: Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, Kiarabu kikalipata kwa Waajemi, nao Waajemi wakalitoa katika neno la Kisanskriti, chaturanga, lenye maana ya viungo vinne vya jeshi, yaani tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Mnamo mwaka wa 1561, kasisi wa Kihispania, Ruy López de Segura, alichapisha kitabu kuhusu mchezo huo, na hadi leo mojawapo ya funguzi mashuhuri zaidi za sataranji inaitwa kwa jina lake. Tangu wakati huo maelfu ya kurasa yameandikwa kueleza si jinsi kete zinavyosogezwa tu, bali kwa nini zisogezwe hivyo.

Bao halikupata bahati hiyo. Funguzi zake zimehifadhiwa vidoleni na vinywani mwa wachezaji, kwenye baraza za Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko. Ni kweli kuwa wataalamu wamelichunguza. Mholanzi Alexander de Voogt, kwa mfano, aliandika tasnifu yake ya mwaka wa 1995 kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao baada ya kufanya utafiti Zanzibar. Hata hivyo, maelezo mengi yanayomfikia mwanafunzi wa Kiswahili huishia kwenye kanuni. Si vigumu kumkuta mwanafunzi anayeweza kutaja nyumba, kichwa na kimbi pasipo kusita, lakini asiyeweza kueleza kwa nini mchezaji mzoefu huitoa kete moja iliwe huku akitabasamu.

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Ili jibu liweze kuthibitishwa na msomaji mwenyewe, uchambuzi umefungwa katika hatua chache za mwanzo. Anayesoma anashauriwa aweke bao mbele yake, au achore mashimo ardhini, afuate kila mwendo kwa mkono wake.

2. Uwanja na kanuni za msingi

Bao la kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake: ya mbele, inayoelekeana na ya mwenzake, na ya nyuma. Kete zote ni 64. Mchezo unapoanza, kila mmoja ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi.

Katika makala haya mashimo ya safu ya mbele yamepewa nambari 1 hadi 8, kuanzia kushoto kwa kila mchezaji. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, shimo la 1 la mmoja linaelekeana na la 8 la mwenzake, la 2 na la 7, la 3 na la 6, la 4 na la 5. Msomaji anaweza kukumbuka kwa wepesi kwamba nambari mbili zinazoelekeana daima hujumlika kuwa 9.

Shimo la 5 ndilo nyumba, ambalo kwa kawaida huchongwa kwa umbo la mraba. Mwanzoni huwekwa kete sita humo. Mashimo mawili yanayofuata kulia, la 6 na la 7, huwekwa kete mbili mbili. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, la 1 na la 8, ni vichwa. Yale yanayopakana nayo, la 2 na la 7, ni kimbi.

Katika awamu ya namua, kila zamu huanza kwa kutoa kete moja mkononi na kuitia katika shimo la mbele lenye kete. Iwapo shimo linaloelekeana nalo upande wa pili pia lina kete, mchezaji anakula: huzichukua kete hizo za mwenzake na kuzipanda moja moja katika safu yake mwenyewe, akianzia kichwani. Akila kwa mashimo ya katikati huchagua kichwa cha kushoto au cha kulia. Akila kwa kimbi au kwa kichwa hana budi kuanzia kichwa kilicho karibu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete linaloelekeana na shimo la mpinzani lenye kete, anakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete pasipo cha kula, huzizoa zote na kuendelea kupanda kwa mwelekeo ule ule. Ikiangukia shimo tupu, mwendo unalala na zamu inahama. Kete ya mwisho ikiingia katika nyumba pasipo cha kula, mwenye nyumba anaweza kusimama au kuifungua akaenda safari.

Asiyeweza kula hutakata: hutia kete katika shimo moja la mbele lenye kete, akazizoa zilizomo na kuzipanda kushoto au kulia. Katika mwendo wa takata hakuna kula hata kidogo, na nyumba haiguswi maadamu kuna shimo jingine la kuchezea. Mwishowe ikumbukwe kanuni mbili ambazo uchambuzi wote unazitegemea. Kwanza, anayeweza kula hana ruhusa ya kutakata. Pili, kete zinazoliwa ni za safu ya mbele pekee. Maelezo madogo madogo hutofautiana baina ya baraza moja na nyingine, lakini haya ndiyo yanayofuatwa hapa.

3. Kwa nini kete ya kwanza haili

Mgeni wa bao hudhani kuwa anayeanza ana faida ya kumvamia mwenzake papo hapo. Mpangilio wa kete hauruhusu hilo. Kete za mfunguzi zimo katika mashimo ya 5, 6 na 7, ambayo yanaelekeana na la 4, la 3 na la 2 la mjibu, na hayo yote ni matupu. Vivyo hivyo kwa mjibu. Majeshi mawili yamepishana kama watu wanaosimama katika pembe mbili za uwanja, kila mmoja akitazama nafasi iliyo wazi.

Kwa hivyo hatua ya kwanza haina budi kuwa takata. Nyumba haiguswi, na mashimo yaliyobaki ni mawili tu, la 6 na la 7. Kila moja, baada ya kutiwa kete, litakuwa na kete tatu zitakazopandwa kushoto au kulia. Njia za kufungua ni nne basi, wala hakuna ya tano:

(a) La 6 kushoto. Kete zinaanguka katika nyumba, la 4 na la 3. Nyumba inakuwa na 7. La 4 na la 3 zina moja moja. La 7 bado lina 2.

(b) La 7 kushoto. Kete zinaanguka katika la 6, nyumba na la 4. La 6 linakuwa na 3, nyumba 7, la 4 moja.

(c) La 6 kulia. Kete zinaanguka katika la 7, la 8, kisha zinapinda hadi safu ya nyuma. La 7 linakuwa na 3, kichwa cha kulia kina moja, na moja iko nyuma.

(d) La 7 kulia. Kete moja inaanguka katika kichwa cha kulia na mbili zinaingia safu ya nyuma. La 6 linabaki na 2.

Katika kila njia kete ya mwisho inaangukia shimo tupu na mwendo unalala. Tofauti iko katika mwelekeo. Njia (a) na (b) zinakwenda kushoto, yaani mbele ya nyumba ya mjibu, kwa kuwa la 4 la mfunguzi linaelekeana na la 5 la mjibu. Njia (c) na (d) zinajivuta kulia, ambako mjibu hana kitu.

4. Mwiba mmoja na miiba miwili

Njia (b) ndiyo rahisi kuieleza. Mfunguzi ametia kete moja katika la 4, uso kwa uso na nyumba ya mjibu. Tishio liko wazi: zamu itakapomrudia atatia kete hapo na kuila nyumba nzima. Lakini zamu si yake. Mjibu anatia kete katika nyumba yake, ikawa na 7, anakula ile kete moja na kuilaza katika kichwa kimoja. Tishio limekwisha. Mfunguzi anatazama uwanja na hana cha kula. Itambidi atakate tena. Amempa mwenzake kete moja na hakupata chochote. Mwiba mmoja umetolewa kwa koleo moja.

Njia (a) inafanana na hiyo kwa nje, lakini imeongeza kete moja katika la 3, linaloelekeana na la 6 la mjibu lenye kete mbili. Sasa mjibu ana miiba miwili na mkono mmoja. Kanuni inamlazimisha kula, ila inamwachia uchaguzi wa kipi cha kula.

Tuseme anakula kwa la 6, akaondoa mwiba wa la 3. Mwiba wa la 4 unabaki. Mfunguzi anatia kete humo, anakula nyumba yenye kete sita na kuzipanda. Hesabu ya ubaoni inakuwa 17 kwa 6. Mjibu bado ana kete nyingi mkononi na mchezo haujaisha, lakini amepoteza nyumba yake katika zamu yake ya kwanza, na kwa mwenye kulijua bao hilo ni pigo ambalo ni vigumu kulipona.

Mjibu mwenye busara, kwa hiyo, atakula kwa nyumba na kuondoa mwiba wa la 4. Hapo mfunguzi anautumia ule wa pili: anatia kete katika la 3 na kula kete mbili za la 6. Ametoa moja, amepata mbili. Hesabu ni 13 kwa 10, na kete zote zilizopandwa zitazidi kuleta maswali. Hapa ndipo inapoonekana sababu ya tabasamu la mchezaji mzoefu. Kete iliyoliwa haikupotea. Ilikuwa bei ya kumlazimisha mwenzake atumie zamu yake pale mfunguzi alipotaka itumike.

5. Kete moja inalazwa wapi?

Hata hivyo, uchambuzi ukiishia hapo utakuwa umeficha nusu ya ukweli. Mjibu alipokula ile kete moja alikuwa na chaguo jingine ambalo mchezaji mchanga hulipita bila kulitazama: aiweke katika kichwa cha kushoto au cha kulia? Ni kete moja, itaangukia shimo tupu, mwendo utalala. Kwa macho ya haraka hakuna tofauti. Kumbe tofauti ipo, na ni kubwa.

Tuchukulie kwanza kuwa ameiweka kichwa cha kulia, yaani la 8. Mfunguzi anakula kwa la 3 na kupanda kete mbili kuanzia kichwa chake cha kulia. Ya pili inaangukia la 7 lenye kete mbili. Upande wa pili hakuna kitu, hivyo anazizoa tatu na kuendelea kushoto: la 6, nyumba, la 4. Kete ya mwisho inalala katika la 4. Tishio kwa nyumba ya mjibu limerudi. Mjibu analazimika kula tena kwa nyumba yake, na popote atakapoiweka kete hiyo, mfunguzi atakuwa na cha kula.

Tuchukulie sasa kuwa mjibu ameiweka kichwa cha kushoto, yaani la 1, linaloelekeana na la 8 la mfunguzi. Mfunguzi akirudia mwendo ule ule wa kulia, atakuwa ameacha kete moja katika la 8, mbele ya kete iliyolala. Mjibu anakula kwa nyumba mwiba wa la 4 na kuiweka kete katika kichwa cha kushoto. Mara hii kichwa si tupu: kina kete, kinaelekeana na shimo lenye kete, na kwa hivyo anakula tena. Kete hiyo mpya inapandwa pale pale kichwani, kichwa kinakuwa na tatu, anazizoa na kupanda la 2, la 3 na la 4. La mwisho linaelekeana na nyumba ya mfunguzi! Hesabu imegeuka kuwa 13 kwa 11 upande wa mjibu, na mshambulizi wa jana ndiye anayekimbilia kuiokoa nyumba yake leo.

Je, mfunguzi afanye nini basi? Apande kushoto. Anapokula kwa la 3, aanzie kichwa cha kushoto: kete moja katika la 1, moja katika la 2, mwendo unalala. Kichwa chake cha kulia kinabaki kitupu, na kete ya mjibu iliyolala upande huo haina cha kukamata. Mjibu ana mlo mmoja tu, nao ni wa lazima: la 7 lake dhidi ya la 2. Kwa kuwa la 7 ni kimbi, hana hiari ya mwelekeo. Kete inaingia kichwa chake cha kulia na kulala. Mfunguzi anaila kwa la 1. Kete inapandwa kichwani, kichwa kinakuwa na tatu, anazizoa na kupanda la 2, la 3 na la 4. Tishio kwa nyumba linarejea kwa mara ya pili, na mfunguzi ana kete 14 dhidi ya 11.

Somo linalotokana na mikondo hii miwili linaweza kuelezwa kwa kanuni nyepesi: mfunguzi apande upande ambao kete ya mjibu haikulala mbele yake. Mjibu akilaza kulia kwake, mfunguzi apande kulia kwake. Akilaza kushoto kwake, apande kushoto kwake. Lakini anayeikariri kanuni hii pasipo kuelewa sababu yake atakwama mara tu mpangilio utakapobadilika. Sababu ni kwamba kichwa chenye kete ni ngazi. Kete moja ikiangukia kichwa kitupu, inakufa. Ikiangukia kichwa chenye kete, inafufuka na kutembea.

6. Subira ya upande wa kulia

Kwa mwanga huo, njia (c) na (d), ambazo huonekana kama za mwoga, zinapata maana mpya. Zote mbili zinaweka kete moja katika kichwa cha kulia, na kuhifadhi nyingine katika safu ya nyuma ambako haziliwi. Mfunguzi hajashambulia; amejiwekea ngazi.

Thamani ya ngazi hiyo hupimwa mjibu anapojaribu kutumia silaha ile ile ya miiba miwili. Tuseme mfunguzi amecheza (d), na mjibu akajibu kwa la 6 kushoto. Sasa mjibu ana kete moja katika la 4, mbele ya nyumba ya mfunguzi, na moja katika la 3, mbele ya la 6 la mfunguzi lenye kete mbili. Ni hali ile ile tuliyoiona katika sehemu ya nne, pande zikiwa zimebadilishana. Tofauti ni moja tu: kichwa cha kulia cha mfunguzi kina kete.

Mfunguzi anatia kete katika nyumba, anakula mwiba wa la 4 la mjibu na kuipanda katika kichwa cha kulia. Kichwa kinakuwa na mbili. Mbele yake hakuna kitu. Anazizoa na kupanda la 7 na la 6. La 6 lina kete, na mbele yake umesimama mwiba wa pili. Anaula huo pia. Kete inaingia kichwani, ambacho sasa ni kitupu, na mwendo unalala. Kwa zamu moja miiba yote miwili imeng'olewa. Mfunguzi ana kete 14, mjibu 9, na mjibu hana cha kula.

Katika njia (c) kinga inapatikana kwa namna nyingine. Hapo la 6 la mfunguzi limeachwa tupu, kwa hivyo mwiba wa la 3 la mjibu hauna wa kumchoma. Mfunguzi anakula mwiba wa la 4 kwa nyumba na kuilaza kete katika kichwa cha kushoto. Mjibu hana cha kula. Hesabu ni 13 kwa 10. Ikumbukwe hata hivyo kuwa angeipanda kulia, kete zingetembea hadi la 6 na moja ingelala humo, mbele ya mwiba ambao ulikuwa umekosa shabaha. Ngazi ile ile iliyomfaa katika (d) ingemponza katika (c).

Kwa mukhtasari, njia ya kushoto inamtaka mfunguzi atumie nafasi kabla vichwa vya mjibu havijapata kete. Njia ya kulia inamtaka ajitengenezee kichwa kwanza, na kumwachia mjibu shida ya kuamua. Ya kwanza ni ya haraka na inahitaji hesabu ya hakika. Ya pili ni ya subira na inahitaji kuvumilia kutoonekana shujaa. Kosa kubwa si kuchagua moja kati yake, bali kuchagua ya kwanza kwa moyo wa ya pili, au kinyume chake. Aliyefungua kwa la 6 kushoto kisha akasita atakuwa amemlisha mwenzake bure.

7. Istilahi kama mafunzo ya mkakati

Mwanafunzi wa fasihi hawezi kuyapitia haya bila kuzitazama upya istilahi zenyewe. Wachezaji hawakuliita shimo la 5 ghala au hazina, waliliita nyumba. Nyumba ina mwenyewe, hukaa watu, hulindwa usiku, na anayeondoka humo huenda safari. Kila mkondo uliochambuliwa hapo juu unazunguka jambo hilo moja: mfunguzi anaitishia nyumba ya mwenzake akijua kuwa mwenye nyumba hataiacha wazi ili akafuate faida nje. Tishio lina nguvu kwa sababu jina linasema kweli.

Vivyo hivyo neno kichwa. Katika hesabu za juu juu ni shimo la pembeni tu, tena lenye kete chache kuliko mengine. Lakini tumeona kuwa kila mlo unaanzia hapo na kwamba kete moja iliyomo inaweza kuamua kama mwendo utalala au utaendelea. Pasipo kichwa, mwili hauna uongozi. Neno mtaji, linalotaja awamu ya pili na mwendo wa kula katika awamu hiyo, nalo linamkumbusha mchezaji kuwa kete 22 za mkononi ni za kujengea kitu kitakachozaa baadaye. Anayezitumia zote kwa kula vidogo vidogo ataingia awamu hiyo akiwa na wingi wa kete na uchache wa miendo, kama mfanyabiashara mwenye duka lililojaa bidhaa zisizonunuliwa.

Usomaji huu haudai kuwa waliobuni istilahi walikaa wakaandika nadharia. Unadai tu kuwa lugha ya mchezo imehifadhi tajriba ya vizazi vya wachezaji, na kwamba tajriba hiyo hupotea pale istilahi zinapokaririwa zikiwa zimetengwa na miendo. Ndiyo maana kufa kwa baraza la bao ni hasara kwa mchezo na kwa lugha pia. Kamusi inaweza kuandika kuwa takata ni kucheza pasipo kula. Haiwezi kuandika kwa nini mzee fulani alitakata kulia siku ile, na kwa nini waliomzunguka walinyamaza.

8. Zoezi kwa msomaji

Ili kuhakiki welewa wake, msomaji aweke bao katika hali ya mwanzo na ajaribu mambo matatu. Kwanza, acheze njia (b), mjibu ale kwa nyumba na kulaza kete kichwa cha kulia, kisha atafute takata itakayomrejeshea mfunguzi miiba zaidi ya mmoja. Pili, acheze njia (c), na badala ya kumruhusu mjibu ashambulie, amwamuru naye ajivute kulia kwa la 6. Aone ni nani sasa mwenye ngazi bora, na ni nani mwenye zamu. Tatu, arudie mkondo wa sehemu ya tano na aendelee kwa zamu tano zaidi, akiandika hesabu ya kete kila mara. Atagundua kuwa hesabu hupanda na kushuka kwa kasi, na kwamba mwenye kete nyingi si lazima awe ndiye mwenye hali nzuri.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa kete ya kwanza ya bao, ambayo haili wala haiwezi kula, tayari inabeba mkakati mzima. Njia nne za kufungua zimechambuliwa, na imebainika kuwa ubora wa kila moja hautokani na idadi ya kete inayoleta bali na maswali inayomwachia mpinzani. Njia ya la 6 kushoto ina nguvu kwa kuwa inauliza maswali mawili kwa wakati mmoja. Ile ya la 7 kushoto ni dhaifu kwa kuwa inauliza moja lenye jibu rahisi. Zile za kulia ni imara kwa kuwa zinajibu maswali kabla hayajaulizwa.

Waliotangulia walicheza sataranji wakaandika. Waliocheza bao walicheza wakasimuliana, na masimulizi yanategemea uhai wa msimulizi. Wanafunzi wa Kiswahili wana kalamu, wana lugha, na bado wana wazee wa kuwauliza. Kazi ya kuandika funguzi za bao pamoja na sababu zake, kwa istilahi zake zenyewe, ni kazi ya kiisimu na ya kifasihi kama ilivyo ya kimchezo. Inafaa ianze sasa, kabla mikono inayozijua haijalala.